Oili ya Bei ya Juu kwenye Pikapu: Yanayosemwa na Madereva na Yaliyoandikwa kwenye Galoni

Mmiliki mmoja wa pikapu ya dizeli inayoshusha nyanya kutoka Ilula hadi Dar es Salaam alifika ofisini kwetu na vitu vitatu: galoni tupu la oili, risiti iliyokunjwa mara nne, na turbo iliyoharibika ndani ya mfuko wa saruji. Alikuwa amenunua oili ya injini yenye bei ya juu kuliko zote zilizokuwa kwenye rafu ya duka. Muuzaji alimweleza kwamba, kwa kuwa oili hiyo ni ya sinthetiki, haihitaji kumwagwa mpaka gari litembee kilomita 15,000. Lilipotembea kilomita 11,000 na ushei, likiwa linapanda Kitonga na mzigo wa bidhaa za duka, lilianza kutoa moshi wa buluu, kisha likakosa nguvu. Fundi alipochomoa kijiti cha kupimia oili, kilitoka kikavu. Mkopo wa gari hilo ulikuwa haujamalizika kulipwa.

Hatukuona dalili yoyote kwamba oili ile ilikuwa bandia. Kwa kadiri tulivyoweza kuona, ilikuwa oili nzuri, na huenda aliyeiuza aliamini alichokisema. Hata hivyo gari lilikufa. Ndiyo maana katika toleo hili tumeona tuzungumzie kwa kirefu oili za sinthetiki zinazouzwa kwa wenye pikapu: zinafanya nini, hazifanyi nini, na ni lini fedha ya ziada unayolipa inakurudia.

Yale wanayotueleza madereva

Madereva wanaotumia oili hizi hutueleza mambo yanayofanana. Injini imetulia. Asubuhi gari linawaka mara moja. Dizeli inakwenda mbali zaidi. Wengine hutueleza kinyume chake: tangu wabadilishe oili, gari limeanza kudondosha matone usiku, au oili inapungua wakati zamani haikuwa ikipungua. Hatuna sababu ya kudhani kwamba kundi lolote kati ya hayo mawili linasema uongo. Tatizo ni kwamba sikio na jicho la dereva hupima kitu kingine kabisa, si kile anachodhani anakipima.

Fikiria jinsi ulinganisho wenyewe unavyofanyika. Dereva anaingia gereji na oili iliyokwisha kuchoka, iliyojaa masizi na iliyopungua chini ya alama. Anatoka na oili mpya, kiasi kamili, na chujio jipya. Mara nyingi fundi amepuliza hata chujio la hewa. Injini itatulia kwa vyovyote. Ingetulia hata kama angewekewa oili ya kawaida ya nusu ya bei. Ulinganisho wa haki ungekuwa kati ya oili mpya na oili mpya, au kati ya oili mbili zilizotembea kilomita sawa, na ni wachache wanaopata nafasi ya kufanya hivyo.

Kuhusu rangi, tungependa kusema jambo moja kwa uwazi, maana limewagharimu watu fedha nyingi. Oili ya injini ya dizeli huwa nyeusi upesi, wakati mwingine ndani ya siku chache, na weusi huo si ushahidi kwamba oili ni mbovu. Oili ina viambato vya kusafisha vinavyonasa masizi na kuyashikilia yasigande ndani ya injini. Oili inayobaki ya kung'aa katika injini ya dizeli iliyochakaa ndiyo ya kutiliwa shaka, kwa kuwa masizi yale lazima yawe yameganda mahali.

Matumizi ya dizeli nayo yanadanganya. Pikapu inayopanda na mzigo wa tani moja na kushuka tupu haina safari mbili zilizo sawa. Upepo wa tairi peke yake unaweza kubadilisha hesabu. Ni kweli kwamba oili nyepesi hupunguza msuguano na huweza kuokoa mafuta kidogo. Lakini akiba hiyo inatokana na wepesi wa oili zaidi kuliko asili yake, na ni ndogo kiasi kwamba dereva anayejaza mafuta ya elfu ishirini leo na elfu thelathini kesho hawezi kuiona. Atakayetaka kuipima ajaze tangi hadi juu, aandike kilomita, arudie njia ileile na mzigo uleule kwa matangi kadhaa, kabla na baada ya kubadilisha oili.

Malalamiko ya kuvuja yanastahili kusikilizwa kwa makini zaidi. Katika injini ya zamani, uchafu ulioganda kwa miaka mingi huweza kuwa ndio unaoziba nyufa za sili za mpira. Oili mpya yenye uwezo mkubwa wa kusafisha ikiuondoa uchafu huo, hasa ikiwa pia ni nyepesi kuliko ile iliyozoeleka, tundu lililokuwa limejificha linafunguka. Oili haikutoboa sili. Imefichua ubovu uliokuwapo. Kwa mwenye gari tofauti hiyo haina faraja kubwa, kwani matone ni yaleyale.

Neno "sinthetiki" lina maana gani?

Oili yoyote ya injini ina sehemu mbili: oili ya msingi, ambayo ndiyo sehemu kubwa, na viambato vinavyoongezwa ili kusafisha, kuzuia kutu, kupunguza msuguano na kupambana na asidi. Oili ya kawaida hutokana na kusafisha mafuta ghafi. Ya sinthetiki, kwa maana ya awali ya neno hilo, hutengenezwa kiwandani kwa kuunganisha molekuli ndogo zinazofanana, kama vile zinazotokana na gesi ya ethilini, hata kupata mafuta yenye umbo moja.

Maana hiyo haikudumu. Watengenezaji walipata njia ya kuyachakata mafuta ghafi kwa gesi ya haidrojeni katika joto na mgandamizo mkubwa mpaka yakawa safi sana na yenye sifa zinazokaribia zile za sinthetiki ya awali. Castrol ilipoanza kuiita oili ya namna hiyo sinthetiki huko Marekani, Mobil ililalamika mbele ya chombo cha nchi hiyo kinachosikiliza mashauri ya matangazo ya biashara. Mwaka 1999 chombo hicho kiliamua kwamba matumizi hayo ya neno yangeweza kuendelea. Tangu hapo galoni mbili zinaweza kukaa rafu moja, zote zimeandikwa "sinthetiki", moja ikiwa imetengenezwa kwa njia ya kwanza na nyingine kwa njia ya pili. Zote mbili zinaweza kuwa nzuri. Lakini ukiona moja inauzwa karibu mara mbili ya nyenzake, neno lile peke yake halikuelezi kwa nini. "Nusu sinthetiki" ni legevu zaidi, kwa kuwa halimwambii mnunuzi ni asilimia ngapi. Ama maneno kama "bora zaidi", "dhahabu" au "ya kiwango cha juu" hayo ni mapambo. Hakuna kipimo kinachoyabana.

Faida ya kweli ya sinthetiki inaonekana kwenye baridi kali na kwenye joto kali. Baridi kali hatunayo. Katika maandishi kama 5W-30 au 15W-40, tarakimu iliyo mbele ya herufi W hueleza jinsi oili inavyotiririka kwenye baridi: oili ya 5W hupimwa uwezo wake wa kuruhusu injini kuzunguka kwenye nyuzi 30 za Selsiasi chini ya sifuri, na ya 15W kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Hata asubuhi ya Julai huko Makete, ambako barafu nyembamba hulala juu ya majani, hatufiki karibu na hapo. Oili nyepesi bado hufika juu ya injini haraka zaidi gari linapowashwa, na hilo lina thamani yake, lakini anayenunua 5W jijini Tanga kwa ajili ya baridi ananunua koti la manyoya.

Joto ni habari nyingine, na hapa ndipo pikapu inapohusika kweli. Mhimili wa turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ukielea juu ya utando mwembamba wa oili, pembeni mwa gesi za moto zinazotoka kwenye injini. Gari linapopanda mlima likiwa limejaa, oili inayopita hapo huchemka hasa. Oili ya kawaida huoza na kuacha gamba jeusi upesi zaidi, na sehemu yake nyepesi hugeuka mvuke. Ya sinthetiki huvumilia zaidi. Kwa dereva wa Kitonga, Sekenke au barabara ya Lushoto mwenye injini ya turbo, hiyo ni sababu ya haki ya kulipa zaidi. Hata hivyo mwenye kuzima injini papo hapo baada ya kupanda mlima, oili ikiwa imesimama ndani ya turbo yenye moto, anajiharibia kwa oili yoyote ile. Iache ingurume dakika moja au mbili kwanza.

Geuza galoni

Yanayouza oili huandikwa mbele. Yanayoihusu injini yako huandikwa nyuma, kwa herufi ndogo, na kwa maoni yetu dakika mbili za kusoma huko nyuma zina faida kuliko ushuhuda wa madereva kumi. Tafuta mambo mawili.

La kwanza ni mnato, ambao mafundi huuita uzito: ile 5W-30, 15W-40 au 20W-50. Tarakimu ya pili hueleza unene wa oili injini ikiwa ya moto. Kitabu cha gari hutaja mnato unaokubalika, mara nyingi zaidi ya mmoja kulingana na hali ya hewa. Usiuchague kwa kufuata bei, wala kwa kuamini kwamba nzito ndiyo imara. Injini mpya zenye nafasi finyu kati ya vyuma huhitaji oili nyepesi, na injini iliyolika huenda ikaimeza oili hiyohiyo.

La pili ni daraja la ubora. Taasisi ya Petroli ya Marekani, inayojulikana kwa herufi API, hutumia herufi S kwa injini za petroli na C kwa za dizeli. Herufi inayofuata huonyesha kizazi: CI-4 ni ya zamani kuliko CK-4, iliyoanza kutumika mwishoni mwa 2016. Galoni lililoandikwa SP pekee, hata likiwa na bei ya kutisha, limekusudiwa injini ya petroli, na tumeona likiuzwa kwa wenye dizeli. Angalia pia ikiwa pikapu yako ina chujio la masizi kwenye bomba la moshi, kama zilivyo baadhi ya dizeli za kisasa. Injini hiyo huhitaji oili yenye majivu machache, kwa mfano iliyo na alama ya ACEA ya kundi C au JASO DL-1, kwa sababu majivu ya oili ya kawaida huziba chujio hilo taratibu na hayaungui. Hapa hakuna mjadala wa ghali au rahisi: weka inayotakiwa na kitabu.

Kinyume chake, mwenye Hilux ya miaka ya 1990 isiyo na turbo halazimiki kuona haya kununua 15W-40 ya kawaida yenye daraja linalotakiwa, na kuimwaga kwa wakati. Hatuoni atakachokipata kwa kulipa mara mbili.

Kilomita ngapi?

Tufanye hesabu, kwa bei za mfano tu. Injini ya dizeli ya pikapu yako inachukua lita 7. Oili ya kawaida ni shilingi 12,000 kwa lita, ya sinthetiki shilingi 30,000, na chujio shilingi 15,000. Kumwaga oili kwa ile ya kawaida kunagharimu shilingi 99,000. Kwa sinthetiki, shilingi 225,000. Gari linatembea kilomita 30,000 kwa mwaka.

Ukimwaga kila kilomita 5,000, kama ilivyo desturi ya gereji nyingi, oili ya kawaida itakula shilingi 594,000 kwa mwaka na ya sinthetiki shilingi 1,350,000. Ukiisogeza sinthetiki hadi kilomita 10,000, itakula shilingi 675,000, bado juu ya ile ya kawaida, ingawa umepunguza safari tatu za gereji, na kwa gari la biashara siku ya kusimama nayo ni fedha. Ili sinthetiki ilipe yenyewe kwa bei hizi ingebidi itembee zaidi ya kilomita 11,300. Ndiyo maana muuzaji hutaja 15,000. Bila 15,000 hesabu yake haisimami.

Je, inawezekana? Katika injini nzima, barabara ya lami, mzigo wa kiasi, na mtengenezaji wa gari akiwa ameruhusu, huenda. Lakini soma kitabu cha gari sehemu inayohusu mazingira magumu: vumbi, mzigo mzito, safari fupifupi, kunguruma kwa muda mrefu bila kutembea. Humo ndimo pikapu nyingi za nchi hii zinamoishi, na kwa hali hizo kitabu hupunguza kilomita, hakiziongezi. Vumbi linalopenya chujio la hewa husaga ringi na silinda bila kujali oili imetengenezwa vipi. Masizi hayapungui kwa sababu oili ni ghali. Tangu Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zimekubaliana dizeli isizidi sehemu 50 za salfa kwa milioni, jambo lililopunguza asidi ndani ya oili, lakini anayenunua dizeli ya kwenye madumu kando ya barabara hawezi kuwa na hakika ya anachokinunua. Makampuni yenye magari mengi, migodi hasa, huongeza kilomita baada ya kupeleka sampuli ya oili maabara. Mwenye pikapu moja asiye na maabara afuate kitabu.

Na kuna jambo linalomhusu moja kwa moja yule mwenzetu wa Ilula. Injini zote huunguza oili kidogo. Vitabu vya baadhi ya watengenezaji huhesabu hata lita 1 kwa kilomita 1,000 kuwa bado ndani ya kawaida. Injini yenye lita 7 inayounguza nusu lita tu kwa kila kilomita 1,000 itakuwa imepoteza lita 5 na nusu ifikapo kilomita 11,000. Kwa desturi ya zamani ya kumwaga kila kilomita 5,000, upungufu huo ulikuwa ukifichwa na oili mpya. Aliporefusha muda, hakuna kilichouficha, na kwa kuwa aliambiwa oili hii haihitaji kushughulikiwa, aliacha pia kuchomoa kijiti. Chomoa kijiti kila wiki, na kabla ya kila safari ndefu, gari likiwa mahali tambarare na injini imezimwa kwa dakika 5 au zaidi. Ongeza oili ya mnato na daraja lilelile.

Kabla ya kulipa, na baada yake

Kadiri bidhaa inavyokuwa ghali ndivyo inavyowavutia waghushi, na galoni tupu la oili ya jina kubwa lina soko lake. Nunua kwa wakala anayejulikana. Hakikisha lakiri ya kifuniko haijakatwa, namba ya toleo na tarehe vinasomeka na havikubandikwa juu ya vingine, na alama ya ubora ya TBS ipo kwenye bidhaa inayodai kuwa nayo. Maneno "inakidhi matakwa ya API" hayalingani na kuwa na leseni ya API. Wenye leseni huweka alama ya duara lenye pete, na orodha yao inapatikana mtandaoni bila malipo. Fundi akimaliza kazi, omba galoni lako tupu, ulitoboe au ulikate kabla ya kulitupa. Oili chakavu usiimwage mtaroni. Iache gereji inayoikusanya.

Dai risiti ya EFD na uhakikishe imetaja jina la oili, mnato, daraja na idadi ya lita. Muuzaji akikuahidi kilomita, mwombe aziandike nyuma ya risiti na kutia sahihi. Wengi watakataa, na kukataa kwao ni taarifa tosha kwako. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, lakini lazima yeye aweze kuonyesha alichoambiwa. Risiti ya mmiliki yule wa Ilula iliandikwa "spea", na galoni lake halikutaja kilomita popote. Muuzaji alipoitwa alisema hakumbuki kuzungumza naye. Shauri lake tulilifunga bila fidia.

Ukiwa na shaka na oili uliyokwisha kuinunua, usiendelee kuitumia wala usiirudishe dukani kimya kimya. Hifadhi galoni na kiasi kilichobaki, chukua nusu lita kutoka kwenye injini katika chupa safi iliyokauka, andika kilomita zilizosomeka kwenye gari siku hiyo, kisha uvilete ofisini kwetu, TBS au Tume ya Ushindani pamoja na risiti.